Mabinti Watatu wa Binti Zakaria

Kwenye ploti moja ya Laini Saba, Kibera, iliyopakana na reli, ungeweza kujua mpangaji amekaa miaka mingapi kwa kumsikiliza tu anavyomwita mwenye nyumba. Waliohamia baada ya mwaka wa tisini na mbili walimwita Mama Usman bila shida. Wale wa zamani walianza, "Mama Ma...", wakakohoa, wakameza mate, halafu wakamalizia, "Mama Usman." Usman alikuwa mtoto wa pili. Wa kwanza alikuwa Malika, na jina hilo lilikuwa limepigwa marufuku pale uani.

Aliyelipiga marufuku ni mama mwenyewe, Mabrouka binti Fadul, Mnubi wa kuzaliwa Kibera, mjukuu wa askari aliyeletwa na Waingereza kutoka Sudani. Habari za huyo babu ungezisikia utake usitake, hasa ukithubutu kuuliza choo kitatengenezwa lini. Alikuwa mwanamke mnene, wa miaka sitini na kitu, aliyeshinda barazani akisuka tabaga, zile kawa za rangi rangi ambazo Wanubi hufunikia chakula na hujivunia sana siku ya harusi. Mikono yake ilikuwa myepesi kuliko mwili, na ulimi mwepesi kuliko mikono. Watu walimwogopa, naye alijua, na hakuona ubaya wowote.

Malika aliondoka Jumapili moja, mama yake akiwa harusini Makina. Aliondoka na Austine, mpangaji wa chumba cha saba, Mjaluo, Mkristo, fundi wa makochi aliyefanya kazi kando ya Ngong Road. Hakukuwa na posa, wala nikaha, wala barua. Mabrouka aliporudi na kupewa habari hakupiga kelele, jambo lililowatisha wapangaji kuliko kelele zenyewe. Alinunua kufuli mpya ya geti, akasema, "Mimi mtoto wangu ni Usman," akaketi kusuka.

Miezi miwili baadaye Malika alikuja. Alisimama nje ya geti tangu adhuhuri hadi magharibi, akibisha, akinyamaza, akibisha tena. Wapangaji waliotaka kuingia siku hiyo walizunguka kwa nyuma, wakapenya kando ya bafu, kwa sababu hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuomba geti lifunguliwe. Mama yake alikuwa hatua kumi tu kutoka hapo, upande wa ndani, sindano mkononi, na hakuinuka. Jua lilipotua msichana akarudi Kawangware, alikohamia na mumewe, na hakuonekana tena.

Mtu mmoja mle ndani alikuwa na sababu yake ya kuona haya. Huyu ni Seline Awiti, wa chumba cha nane. Kati ya chumba cha saba na cha nane kulikuwa na bati moja tu, na kwa mwaka mzima Seline alikuwa amesikia minong'ono ya Malika na Austine. Alijua habari za Kawangware kabla wao hawajafunga virago. Alinyamaza, akajiambia hayamhusu. Tangu siku ile ya geti, kila alipomwona Mabrouka alimsalimia kwa heshima iliyozidi kipimo.

Seline alikuwa ametoka Ugenya na cheti cha kidato cha nne na matumaini ya kuwa mwalimu. Cheti alikuwa nacho bado, kwenye bahasha chini ya godoro. Ualimu haukuja, alichopata ni mume mpole, Okello, aliyekuwa akienda kazini Industrial Area kwa miguu, na binti mmoja, Audrey, na kazi ya kufua nguo asubuhi tatu kwa wiki katika majumba ya Nyayo Highrise. Huko ndiko alikokipata kitabu. Mpangaji mmoja, mwalimu wa chuo, alikuwa anahama, akamwachia katoni la makaratasi na kumwambia, "Chukua, utawashia jiko." Seline aliwashia magazeti. Kitabu kilibaki, kwa sababu kilikuwa kinene mno kuwasha kwa siku moja na yeye hakuwa na moyo wa kukichana.

Hakikuwa na jalada. Kilianzia ukurasa wa tisa. Nane za mwanzo zilishaliwa na mende. Kilikuwa cha Kiingereza, lakini watu wake walikuwa Warusi wa zamani sana, na mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba kimechapwa Moscow. Kurasa zilikuwa mia nane na ushee.

Alikuwa akikisoma uani, akingoja mtungi ujae, Mabrouka alipomwuliza, "Mama Audrey, hiyo ni Biblia?"

"Hapana, Mama Usman. Ni hadithi ya Warusi."

"Na Warusi wanasema nini?"

Seline akamsomea nusu ukurasa, akitafsiri alivyoweza. Mabrouka alisikiliza bila kuinua macho. Ukurasa ulipoisha akasema, "Endelea." Hiyo ilikuwa mwezi wa pili, mwaka wa tisini na sita, na kwa miaka miwili hivi hawakuacha.

Walikuwa na utaratibu. Kurasa mbili kwa siku, baada ya sala ya alasiri, hadi wakati wa kuwasha jiko. Mabrouka hakujua kusoma herufi za Kizungu, lakini alikuwa amesoma chuo cha Kurani Makina akiwa mtoto, mwalimu akimwongoza kwa kijiti kutoka neno hadi neno, na hakuamini usomaji mwingine. Kwa hiyo Seline alitakiwa apitishe kidole chini ya kila mstari. Alipoinua kidole, sindano ya Mabrouka nayo ilisimama. "Rudisha kidole. Usinisomee kutoka kichwani."

Kutafsiri si mchezo. Theluji Seline aliieleza kuwa barafu inayonyesha, na Mabrouka akataka kujua inapiga kelele gani kwenye mabati. Gari la kukokotwa na farasi lisilo na magurudumu liliwachukua siku mbili. Lakini habari za shamba, wapangaji, na mwenye shamba kuletewa malalamiko asubuhi kabla hajanywa chai, hizo Mabrouka alizielewa bila msaada, na mara kwa mara alimrekebisha mwandishi.

Kitabu kilihusu mjane tajiri, mwenye shamba, Marfa Zakharovna, na mabinti zake watatu. Wa kwanza alikuwa Ksenia Andreyevna, ambaye Seline alimsoma Kisenia. Huyo alikuwa wa heshima, watumishi walimwinamia. Wa pili, Ksyusha, wakamwita Kiusha, alikuwa mdekaji, kila mara yuko mapajani kwa mama yake akilia. Wa tatu, Ksana, wao wakasema Kisana, alikuwa kicheche: ndiye aliyekuwa akikutana bustanini na mpima ardhi, kijana asiye na mbele wala nyuma. Mabrouka alimpenda Kisenia na hakumtaka Kisana hata kumsikia. "Huyu atamletea mama yake aibu," alisema, na kwenye ukurasa wa mia tatu na kumi akapata haki yake. Kisana alitoroka na mpima ardhi.

Seline aliusoma ukurasa huo macho yakiwa kwenye karatasi, kwa woga wa kutazama pembeni. Lakini Mabrouka alisuka tu.

"Hasara si kubwa," alisema. "Amebaki na wawili."

Kilichowatatiza ni kwamba mama Mrusi hakuona hivyo. Alijifungia chumbani, akakataa kula, akaamuru jina la binti yake lisitajwe tena ndani ya nyumba. Mabrouka alikereka. Mwanamke ana Kisenia, mtoto wa kupigiwa mfano, ana Kiusha wa kumliwaza, halafu anagoma kula kwa ajili ya Kisana? Na hao dada wawili wenyewe wako wapi, mbona hawaji kumbembeleza mama yao? Seline aliupitisha ukurasa, akafika mahali ambapo mjane anamwambia kasisi, "Mwanangu wa pekee." Akasoma, akasita, akasoma tena. Akasema huenda wachapaji wamekosea.

Mabrouka alisuka hadi wakati wa jiko. Kesho yake, hata kabla Seline hajaketi, alimpokea kwa swali.

"Mama Audrey, mimi naitwa nani?"

"Mama Usman."

"Kwa kipande cha kitambulisho?"

"Mabrouka Fadul."

"Nikiwa msichana nyumbani waliniita Buka. Sasa Mrusi akija hapa uani asikie Buka, asikie Mabrouka, asikie Mama Usman, si atasema tuko wanawake watatu?" Akaweka tabaga chini. "Hiyo Andreyevna ya Kisenia, baba yake alikuwa anaitwaje?"

Seline akatafuta. Marehemu mume wa mjane alikuwa Andrei.

"Basi. Ni binti Andrei. Na huyo mama, Zaka... Zaka nini?"

"Zakharovna."

"Zakaria! Binti Zakaria. Kama mimi binti Fadul. Hawa watu ni kama sisi tu, wewe unatusomea kama kabila la ajabu. Kiusha ni vile mama yake anamwita akimbembeleza. Kisana ni vile huyo kijana wake anamwita. Ni mtoto mmoja."

Seline aliona aibu hadi masikioni. Kwao Ugenya mtu huwa na jina la ubatizo, jina la saa aliyozaliwa na jina la marehemu aliyekuja kumdai ndotoni, na wanawake wakiolewa huitwa kwa koo walizotoka, nyar fulani, binti wa fulani. Cheti cha kidato cha nne hakikumsaidia kitu. Walicheka, na Mabrouka alicheka zaidi, maana ndiye aliyegundua. Halafu cheko lilimwishia ghafla.

"Kwa hivyo alikuwa na mmoja tu," alisema.

Akaomba warudi nyuma. Walirudi kurasa arubaini, wakasoma upya, na safari hii ilikuwa hadithi nyingine kabisa. Kisenia wa heshima ndiye aliyekuwa bustanini. Kiusha aliyelala mapajani kwa mama yake usiku wa Jumanne ndiye aliyetoka kwa dirisha Jumatano. Mabrouka hakuchangia neno kwa wiki tatu. Walipofika tena pale mama anapopiga marufuku jina na kuamuru mlango mkubwa ufungwe, alisema polepole, "Huyu mimi namjua."

Seline aliacha kidole pale pale.

"Ngoja tuone atafanya nini," Mabrouka akasema. "Huyo Binti Zakaria akifungua mlango, wallahi na mimi nitafungua."

Alilisema kama utani. Lakini sindano ilikuwa imesimama, na Seline alijua kwamba utani wa namna hiyo mtu mzima hautamki mara mbili. Usiku alimwambia Okello. Okello alikuwa akikutana na Austine kwenye chama cha watu wa kwao, na ndiye aliyeleta habari kwamba Malika alizaa mtoto wa kike mwaka wa tisini na tatu na kwamba hawakosi chakula. "Wewe soma tu," Okello alisema. "Usiongeze chumvi."

Tangu siku hiyo Mabrouka alitaka kuonyeshwa mahali Binti Zakaria alipoandikwa. Seline alimwonyesha ile herufi kubwa ya mwanzo wa jina la baba, Z, na Mabrouka akaitambua mara moja, kwa sababu ilikuwa sawasawa na mchoro wa kupinda anaousuka ukingoni mwa tabaga. Ikawa kabla ya kusoma anazipitia kurasa mbili za siku kwa macho, mstari kwa mstari, akitafuta mchoro wake. "Leo yuko," angesema, akaketi vizuri. Au, "Leo hayuko," na siku hiyo angesikiliza nusu nusu.

Mvua kubwa za mwisho wa mwaka wa tisini na saba, zile za El Niño, ziliwakatiza. Mvua ikishika bati, hata ukipiga ukelele aliye mbele yako hasikii, sembuse kusoma. Choo kilifurika, reli ikawa mto, na wakaenda wiki nzima nzima bila kugusa kitabu. Mvua zilipopungua ukaingia mwezi wa Ramadhani, na Ramadhani Mabrouka hakusoma ila Msahafu wake. "Weka Warusi," alisema. "Tutaendelea Idd ikipita."

Kitabu kilikaa mwezi mzima juu ya kabati ya vyombo chumbani kwa Seline, na huo ndio uliokuwa mtego. Wiki ya pili alikiteremsha. Alisimama palepale kabatini, akaruka mbele kumtafuta Binti Zakaria atafanya nini.

Binti Zakaria hakufanya kitu. Kwenye ukurasa wa mia sita na sitini na mbili, katika Kwaresima, binti yake alirudi, akasimama kwenye tope mbele ya mlango mkubwa, na mama akamwangalia kutoka dirishani juu, nyuma ya pazia. Mlango haukufunguliwa. Binti akaondoka. Siku ya nne mama akafa kwa homa ya mapafu, na ukurasa uliofuata ulianza na bei ya mbegu.

Seline aliketi kitandani na hasira ya kweli. Alimkasirikia mwandishi, ambaye hakumjua hata jina. Mtu anaandika kurasa mia nane, anashindwa kufungua mlango mmoja?

Idd ikapita, wakarudi barazani. Kurasa mbili kwa siku, hadi ikafika siku yenyewe. Mabrouka aliupitia ukurasa, akapata mchoro wake mara nne, akafurahi. "Leo yuko sana." Seline akaweka kidole chini ya mstari wa kwanza. Binti akaja, akasimama kwenye tope, mama akamwona kutoka dirishani. Hadi hapo kidole na mdomo vilikwenda pamoja. Kisha kidole kikaendelea na safari yake, na mdomo ukashika njia nyingine. Seline alisoma kwamba Binti Zakaria aliteremka ngazi akiwa hana viatu, akamsukuma mtumishi, akavuta komeo kwa mikono yake mwenyewe, akasema, "Kiusha, ingia."

Mabrouka aliweka sindano chini. Akatazama geti.

"Alisema Kiusha?"

"Alisema Kiusha."

"Inatosha kwa leo," Mabrouka alisema, na jioni hiyo wapangaji walimsikia akiimba jikoni, wakashikwa na wasiwasi.

Kesho yake alianza tabaga mpya, nyekundu na kijani, ndogo. Seline hakuuliza ni ya nani. Mabrouka mwenyewe ndiye aliyeuliza, kana kwamba anauliza bei ya sukari, "Huyo mtoto wa Kawangware, nasikia ni msichana?"

"Ndiyo. Anaitwa Whitney."

"Wi nini?"

"Whitney."

"Hilo ni jina ama ni sabuni?" Lakini aliendelea kusuka, na kwa haraka.

Seline aliona ameweza. Uongo wake ulikuwa unatembea kwa miguu yake mwenyewe kuelekea Kawangware, na alichohitaji ni wiki moja, tabaga iishe. Tatizo ni kwamba kurasa nazo zilikuwa zikienda mbele, mbili kwa siku, na Mabrouka alikuwa na mazoea yake.

"Leo hayuko," alisema siku ya kwanza.

"Leo hayuko," akasema siku ya pili, na ya tatu.

Siku ya nne akauliza, "Binti amerudi nyumbani, na mama yake hatajwi? Hata kumkaribisha chai?"

"Amesafiri," Seline alisema. "Ameenda mjini, mambo ya shamba."

"Mtoto amekaa huko miaka, amerudi, halafu mama anasafiri?"

"Ndivyo kilivyoandikwa, Mama Usman."

Siku ya tano Mabrouka hakungoja. Alinyoosha mkono, akakichukua kitabu, akakiweka mapajani. Akaanza kufungua karatasi moja baada ya nyingine, akipitisha kidole chake kinene chini ya kila mstari, kutoka kulia kwenda kushoto kwanza kwa mazoea, kisha akajirekebisha. Seline alisimama mbele yake kama mtuhumiwa. Ilichukua muda mrefu. Jiko halikuwashwa. Mabrouka alizipitia kurasa sitini na zaidi akiutafuta mchoro mmoja, na pale alipouona aliuliza, na Seline akamwambia hilo ni jina la mji, au ni mtu mwingine. Alipofika nusu ya zilizobaki alikifunga.

"Amekufa," alisema.

Seline alinyoosha mkono kukichukua kitabu.

"Soma vile imeandikwa."

Akasoma. Safari hii hakuhitaji kidole, alikuwa anaujua ukurasa ule kwa moyo. Dirisha, pazia, tope, homa, bei ya mbegu. Mabrouka alisikiliza hadi mwisho.

"Hii ni mara ya pili unanificha kitu," alisema.

Seline akauliza, "Ulijua?"

"Mama Audrey, ni nani hajui hiyo bati ya chumba cha saba? Nilijua siku ile ile. Miaka yote unanisalimia kama mtu amekanyaga kaburi, nisijue?" Akainuka kwa shida, akajifunga leso. "Sikukuuliza kwa sababu hata mimi nilikuwa nasikia kidogo. Na mimi pia nilinyamaza. Nilifikiri itaisha yenyewe."

Akaingia ndani na kufunga mlango. Siku mbili hakuonekana barazani, na Seline alizihesabu kama mfungwa. Alikuwa ameharibu. Kama angemsomea ukweli, Mabrouka angekuwa na uamuzi wake mwenyewe. Sasa alikuwa na uongo wa mtu mwingine na maiti ya Mrusi, na geti lilikuwa na kufuli ileile. Alipofua nguo Nyayo Highrise alizifua kwa nguvu hadi mwenye nyumba akamwomba aonee vifungo huruma.

Siku ya tatu, asubuhi, Mabrouka alibisha chumba cha nane. Alikuwa amevaa buibui yake nzuri, na chini ya kwapa alikuwa na ile tabaga, imemalizika.

"Leo unaenda kufua?"

"Hapana."

"Basi nipeleke Kawangware."

Seline alivaa viatu bila kuuliza, lakini njiani, walipokuwa wakipanda kuelekea Ngong Road, alishindwa kuvumilia. "Na Binti Zakaria hakufungua," alisema.

"Ndiyo. Na mimi nimekaa karibu mwaka namngojea mtu aliyekufa zamani aniambie nifanye nini na mtoto wangu. Ni ujinga wa kutosha." Akapumzika, mkono kiunoni. "Tena alikuwa na dirisha. Aliona vile msichana amekonda. Mimi sikutazama hata."

Seline alipendekeza wapande basi. Mabrouka akakataa, alisema akipanda gari atafika kabla hajajua atasema nini. Wakatembea. Walipita mafundi wa makochi kando ya barabara, na Mabrouka akatazama mbele moja kwa moja, asije akamwona Austine kabla ya zamu yake. Wakashika Naivasha Road. Alipumzika mara tatu, na kila mara midomo yake ilikuwa ikicheza, kama mtu anayekariri. Seline hakumwuliza ni maneno gani.

Nyumba ambayo Okello alikuwa amemwelekeza Seline ilikuwa nyuma ya soko la Kawangware, safu ya vyumba vya mabati, mfereji katikati. Mlango wa chumba cha mwisho ulikuwa wazi, na pazia limefungwa fundo juu. Kizingitini alikuwa ameketi mtoto wa miaka mitano kasoro, akisugua sandali kwa mswaki mzee. Alikuwa na paji la uso la Mabrouka, pana, la mtu asiyekubali haraka.

"Sasa, shosho," alisema, kama watoto wa Nairobi wanavyomsalimia kila mwanamke mzee.

"Salama. Mama yuko?"

"Ameenda soko, anarudi. Anakam tu sai." Akamtazama juu hadi chini. "Wewe ni nani?"

Mabrouka alivuta pumzi. Maneno yote aliyoyakariri kutoka Laini Saba yalikuwa ya Malika. Ya huyu hakuwa ameyaandaa.

"Mimi ni mama ya mama yako," alisema.

Mtoto alilifikiria jambo hilo, mswaki umesimama.

"Mama hana mama," akasema. "Alikufa."

"Nani alisema?"

"Mama. Alikufa kitambo, hata sijazaliwa."

Seline alikuwa nyuma yake. Hakukuwa na kitu cha kutafsiri. Mabrouka alisimama pale na tabaga yake kwapani, mwanamke aliyeogopwa na ploti nzima, na machozi yakamtoka mbele ya wapita njia, bila sauti, hakuyafuta.

Mtoto aliweka sandali chini. Akajipangusa mikono kwenye gauni, akaja akamshika buibui.

"Usilie, shosho," alisema. "Hata mimi sikumjua."

Kisha akaingia ndani, akatoka akiburuta kigoda kwa mikono miwili, akamwekea mlangoni amngojee mama.